Kanga ya Bi Mwanahawa

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, hoteli zilichipuka Dodoma kama uyoga, na wapishi wakaijua bei yao. Leo anakubali kazi kwako, kesho anasonga ugali kwa jirani. Bi Mwanahawa wa Nkuhungu alishaachwa hivyo na wawili, naye mkono wa kuume umepooza, sufuria haiinuki. Bila mpishi, mgahawa uliomtunza katika ujane wake wote ungefungwa.

Basi akabuni lake. Atakayekubali kazi atafuatwa kwao na doti ya kanga, akabidhiwe mbele ya mama yake. Tuone kama atathubutu kuirudisha.

Evarista wa Mkonze alipokubali, Bi Mwanahawa alikwenda. Mama mtu, Hilda, alikuwa mkekani, anakohoa.

"Umekuja kumposa binti yangu?" akatania.

"Naposa mikono tu. Mengine nakuachia."

Hilda akacheka mpaka kikohozi kikamkata. "Haya, mahari nimepokea."

Siku ya kuanza kazi, Evarista akaja na kanga ileile, imekunjwa.

"Shikamoo, Bibi. Mama kazidiwa. Naomba nisianze."

"Marahaba. Nani kakuita? Yule mwenye gesti mpya?"

"Hakuna, Bibi. Ni mama."

"Mama zenu nao! Huzidiwa siku ya kuanza kazi tu. Alipokea mwenyewe, basi anirudishie mwenyewe."

Binti akaondoka na kanga yake. Kesho yake alfajiri yuko jikoni, anapuliza moto.

"Mama kasema nisimtie aibu," akasema, uso chini.

Bi Mwanahawa akafurahi moyoni: dawa imeshika. Mchana ule wateja walikula wakaomba kuongezwa.

Jumamosi, Sostenes, mjomba wa Evarista, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Evarista alikuwa anaunga mchicha kwa karanga. Aliepua sufuria, akaifunika, ndipo akaketi chini.

Msibani, Hilda alikuwa amefunikwa kipande kimoja cha ile kanga. Cha pili Evarista alikuwa amejifunga kiunoni.

"Jumatatu nitakuja, Bibi."

Bi Mwanahawa alitaka kumwambia asije, akae na ndugu zake, alie. Lakini ulimi uliokuwa mwepesi siku ile sasa ulikuwa mzito kuliko mkono.

"Haya," akasema.

Akaja. Amepika pale miaka na miaka, hajachelewa hata mara moja. Kila mchana Bi Mwanahawa humpakulia mwenyewe, akimchagulia minofu. "Samahani kwa kushoto," humwambia. Hiyo tu ndiyo samahani aliyowahi kumwomba. Na kila jioni huikuta sahani palepale, imefunikwa, chakula kimepoa.