Bezawit na Simu ya Misiba

Mama Workinesh alitia mkono kwenye chombo cha unga wa tefu, akitaka kukoroga rojo la mkate wa injera, akagusa kitu kigumu. Akakivuta. Ilikuwa simu ya bintiye, imezimwa na kuvikwa soksi.

"Beza! Siku hizi panya wa mji wetu wa Dessie wanavaa soksi?"

Bezawit hakucheka. Alikuwa kajikunyata kitandani, blanketi limemfika puani, na jua lilishapanda juu ya mlima Tossa zamani. Usingeamini kuwa ni yule yule wa mwaka jana.

Bezawit wa mwaka jana alikuwa na kibanda cha vifuniko vya simu karibu na kituo cha mabasi. Ukinunua, anakuimbia, ukiondoka bila kununua, anakuimbia zaidi, tena kwa jina lako. Jioni alijirekodi akicheza ngoma ya mabega, akazirusha video zake mtandaoni, na vijana wakasema msichana huyu mabega yake hayana mifupa.

Umaarufu huo ndio uliomponza. Chama cha mazishi cha mtaa wao, idiri, kilikuwa na mpiga mbiu, Gashe Demissie, kama waitwavyo kwa heshima wanaume watu wazima, mwenye sauti ya kupasua mawe. Kwa miaka mingi alishuka vichochoro asubuhi na tarumbeta yake, akitangaza nani amefariki na atazikwa wapi. Kisha magoti yakamgomea, na mtaa wenyewe umekaa kwenye mteremko. Kamati ikakutana. Wakasema kila mtu sasa ana simu, basi lifunguliwe kundi la mtaa mzima, habari ziende humo. Nani aliendeshe?

"Mpeni mtoto wa Workinesh," mwenyekiti akasema. "Yule simu imemwotea mkononi."

Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemuuliza kama ataweza, maana kuweza nini? Si kugusa kioo tu?

Mwanzoni aliona fahari. Lakini fikiri, ndugu yangu, jinsi ilivyokuwa. Yuko kibandani anatazama simuni binti mwenzake wa Addis akionyesha gauni la mahafali, anacheka peke yake, mara simu inalia: mama fulani wa kichochoro cha juu hatunaye tena. Anaandika, anatuma. Chini ya jina la marehemu vinajaa vile vinyuso vidogo vya kulia, safu kwa safu. Anarudi kwa binti wa gauni, gauni halimpendezi tena. Kesho hivyo hivyo. Aliyefariki leo ndiye juzi alinunua kifuniko kwake.

Akaacha kurusha video za mabega. Angechezaje, na watu wale wale wametoka kusoma msiba kutoka mkono ule ule? Mashabiki wake wakauliza mara moja, mara mbili, wakahamia kwa wengine. Na vijana wa kituoni hawana dogo.

"Beza, namba yangu ifute! Mimi bado nataka kuoa!"

"Akikupigia usipokee, mwanangu. Mwache marehemu ajipokelee mwenyewe!"

Naye alicheka nao. Nyumbani ndipo moyo ulipoanza kumwenda mbio. Simu ikilia anaruka. Isipolia anaiangalia aone kwa nini hailii.

Ndipo akafa Gashe Tilahun, fundi viatu. Kwa watu wa kule, mfiwa haambiwi peke yake. Jamaa na majirani hukusanyika kwanza, wakaenda pamoja mlangoni kwake alfajiri, na neno likitoka mikono imeshamshika. Gashe Demissie, alipokuwa na magoti yake, alijua nyumba za kupita kimya.

Binti wa Gashe Tilahun, Senait, aliishi upande wa pili wa mji, mpishi wa hoteli. Na wiki ile ile alikuwa ameomba aingizwe kwenye kundi, apate kufuata michango ya baba yake ya chama. Bezawit mwenyewe ndiye aliyemwingiza. Ujumbe wa kamati ulipofika alasiri, akauandika kama alivyozoea, akautuma. Vidole vilifanya kazi, kichwa hakikuwepo.

Senait alisoma jina la baba yake akiwa amesimama mbele ya sufuria ya mchuzi, jikoni hamna mtu.

Jioni mtaa ulikuwa hauna mazungumzo mengine. "Mtoto ameambiwa na kioo!" "Basi hata mbwa angembwekea kwanza!" Bezawit alisikia yote kupitia dirishani. Tangu hapo hakufungua kibanda, hakugusa chakula, na usingizi ukamkimbia.

Sasa mama yake alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono ina unga.

"Niambie, mwanangu. Sikugombezi."

"Inalia, mama."

"Imezimwa hii."

"Najua. Inalia tu." Akajishika kifua. "Nikifumba macho namwona Senait jikoni. Wakati mwingine natamani nisiamke kabisa."

Mama Workinesh hakumwambia aombe, wala hakumwambia ni mambo ya ujana yatapita. Alipanda kitandani na unga wake vile vile, akamkumbatia. Asubuhi yake akampeleka kituo cha afya, wakaonana na muuguzi mmoja mpole aliyemsikiliza bila haraka, akawaambia moyo nao huugua kama tumbo, arudi tena wiki ijayo, na asiachwe peke yake.

Kwa hiyo, wakirudi, walipopita mlangoni kwa Gashe Demissie, mama akamwita aje awasindikize. Mzee akatoka na fimbo, akamtazama msichana.

"Nikwambie kweli? Ulipoharibu, nilifurahi."

"Gashe!" mama akang'aka.

"Nilifurahi, Workinesh! Kioo kimenipokonya kazi yangu. Nikasema waone sasa. Halafu nikasikia mtoto hali chakula." Akakohoa. "Nilikuwa nikianza kule juu peke yangu, lakini nikifika chini nina watu ishirini nyuma yangu wanalia na mimi. Huyu akinipa kahawa, yule akinizuia nisianguke. Wewe walikupa wafu wote, wakakuacha kibandani nao. Mimi ningekuwa nimeshafungwa kamba kama mwehu."

Bezawit akasema, kwa sauti ndogo, "Nataka kwenda kwa Senait. Naogopa."

"Ogopa huku tunatembea," mzee akamjibu.

Hema la msiba la idiri lilikuwa bado limesimama uani kwa marehemu. Wanawake walikuwa wamejitanda shuka zao nyeupe kwa namna ya msiba, pindo la nakshi juu karibu na uso. Mama mmoja akaguna, "Amekuja na kioo chake?" Bezawit alikwenda hadi miguuni kwa Senait, akapiga magoti, na maneno aliyoyatunga njia nzima yakamkimbia yote.

"Ni mimi," akasema.

Senait akamtazama pale chini.

"Nilitaka kukupiga," akasema. "Siku ya kwanza. Siku ya pili nikakutafuta humu hemani, nikaona hupo. Nikasema hata huyo naye ananililia kwa simu." Akafuta uso. "Yale waliyoandika chini ya jina la baba, sijaweza kuyasoma. Nimeona vinyuso tu. Kaa hapa unisomee."

Mama Workinesh akaitoa simu ile mfukoni mwake. Bezawit akaiwasha, Gashe Demissie kamshika bega la huku, mama la huku. Akaruka vinyuso, akasoma maneno. Huyu aandika kwamba Gashe Tilahun alimshonea viatu vya shule bure. Yule, kwamba alimdanganya kila Jumamosi kuwa viatu vitakuwa tayari Jumatatu.

"Jumatatu gani hakusema!" mtu akadakia, na hema zima likacheka na kulia kwa pamoja, Senait akiwemo.

Katikati ya kusoma, simu ikalia mlio wa ujumbe. Bezawit akaganda. Senait akaichukua mkononi mwake, akamrushia mwenyekiti wa idiri aliyekuwa mlangoni.

"Soma wewe. Na ukimkuta mtu amekufa, nenda kwao kwa miguu kwanza. Huyu hapokei tena."

Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma, akasema ni tangazo la vifurushi. Simu akaitia kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe, akafunga kifungo.

Wakaleta nafaka za kuchemsha. Bezawit akala kiganja kimoja, akaomba kingine. Kisha, katikati ya kelele za watu, akaegemea bega la Senait akalala, na waliokuwa wakiongea hawakupunguza sauti.