Guruguru Jike
Mimi ni mtu wa kujisifu, mchu kama tusemavyo kwetu, na nilichojisifia zaidi maishani ni kidole gumba changu cha kulia. Kule kisiwani kwetu Chovai, kusini mwa Kismayo, vijana wawili wakigombea msichana mmoja, kila mmoja alitia kidole kinywani mwa guruguru, yule mjusi mnene wa magofuni. Anayechomoa kwanza, basi, ajitoe. Wazee walitukemea, tukawaitikia, tukaendelea.

Mimi na binamu yangu tulimtaka msichana mmoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuletea guruguru wawili vikapuni, maana alichunga mbuzi karibu na magofu na aliyajua mashimo yao. Wangu aliniuma, nikakaza meno, nikatulia. Wa binamu alimng'ang'ania mpaka damu ikachuruzika, naye akachomoa. Nilimcheka mbele za watu, wallahi, bila haya.

Kidole chake kikatunga usaha, mkono mzima ukavimba. Siku hizo hizo watu wenye bunduki wakaja kisiwani, wakachukua nyavu na mashine za boti. Mwenye mashua aliyekubali kutuvusha Kenya alibaki na makasia tu. Akasema atapakia wanawake, watoto, na wanaume wa kupiga kasia. Alipouona ule mkono, akamwambia binamu yangu, "Wewe ngoja safari ya pili." Mimi akanipa kasia.

Safari ya pili haikuwapo. Wenye bunduki walimchukua binamu yangu hadi Kismayo, akawabebea magunia bandarini mpaka mgongo ukapinda.

Juzijuzi, hapa Mombasa, nilikuwa nawasimulia wajukuu habari za kidole changu. Mke wangu alikuwa akikuna nazi, akacheka.

"Hebu waache watoto wa watu. Wako alikuwa jike."

Nikamwuliza ana maana gani. Akanieleza huku akikuna: guruguru madume wana vichwa vipana na taya nzito, kwa sababu msimu wa kupandana hung'atana wao kwa wao kugombea majike, na anayeuma sana ndiye anayebaki. Jike hana vita hivyo, kuuma kwake ni kwepesi. Alikuwa akiwaona kila siku machungani.

"Nilikutaka wewe," akasema, "nikakupa jike."

Tangu hapo najiona mwizi wa kitu nisichokiiba. Kasia lile lilikuwa lake kama lilivyokuwa langu. Mke wangu ananiambia tulikuwa watoto, nani alijua vita vinakuja. Kweli, lakini kasia nililishika mimi.

Ijumaa binamu alipiga simu kutoka Kismayo, kama ada yake. Niliazimia kumwambia. Nikaanza, "Binamu, wale guruguru wa siku ile..."

Akanikata kauli, akicheka. "Wacha, bwana. Unajua, katika yote yaliyonipata, hilo moja halijaniuma. Yule binti alichukuliwa na mwanamume aliyenishinda kwa haki. Hilo ndilo lililonituliza roho miaka yote hii."

Mke wangu alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama.

"Ahsante, binamu," nikamjibu.