Saa Nane ya Barua

Mimi ndiye karani wa chama cha kahawa hapa Kalinzi. Miaka yote barua za Kigoma zilikuja kwa Kiingereza. Zikiandika “8 a.m.”, mimi natangaza saa mbili asubuhi. Sasa ofisi zimeamriwa kutumia Kiswahili. Barua ya kwanza ilisema mgeni rasmi atafika saa 8. Kwa mazoea nikatangaza saa mbili asubuhi.

Watu walisimama juani mpaka adhuhuri, ngoma zikanyamaza, chai ikaisha. Nikapanda jukwaani kumlaumu mgeni, barua mkononi. Mama Yohana, aliyeanza kisomo cha watu wazima juzi tu, akaichukua, akasoma kwa kidole: “Saa 8 mchana.”

Akanitazama. “Bwana karani, na huu mchana nao ni Kiingereza?”