Alhamisi Ambayo Unga wa Verla Haukuumuka

Verla Tjaden alipika katika shule ya mji wetu wa Wolden miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakumwambia mtu alivyopiga kura. Siku hizi watu huchomeka mabango uani, kila mmoja anautangazia ulimwengu yaliyo moyoni mwake. Zamani kwetu katika jimbo la Iowa kura ilikuwa kama nguo ya ndani: kila mtu anayo, na hakuna anayeianika barazani. Mumewe Wiard alikufa bila kujua mkewe alikuwa akimchagua nani, na hakuwahi kuuliza. Ndivyo watu walivyokuwa wakiheshimiana.

Jiko lake lilikuwa chini ya shule, kwenye chumba cha ardhini, ukuta mmoja na boila lililopasha jengo zima joto. Aliingia saa kumi alfajiri. Kila Alhamisi, tangu baridi ya kwanza hadi Pasaka, alipika mchuzi mzito wa nyama ya kusaga na maharage, na pembeni ya kila sahani mkate wa mdalasini uliozungushwa kama konokono. Kwetu vitu hivyo viwili huliwa pamoja, na mgeni akishangaa, sisi humshangaa yeye. Unga aliuumua juu ya ubao, karibu na mabomba ya boila. Sisi wazee tuliingia kwa mlango wa nyuma na kujifanya tumekuja kuangalia mabomba.

Shule ilikuwa ya matofali, babu zetu waliijenga. Paa lilivuja, boila lilikohoa kama mzee mvuta kiko. Bodi ya shule ikatuomba, kwa kura, ruhusa ya kukopa na kujenga upya, deni lilipwe kwa kodi ya ardhi zetu. Sheria ya jimbo inataka watu sitini katika kila mia waseme Ndiyo; nusu haitoshi. Mara mbili tuliangusha ombi hilo. Mara ya tatu bodi ikasema wazi: likianguka tena, shule inafungwa, watoto watapandishwa basi hadi mji jirani wa Kessler. Kessler! Watu waliotunyang'anya hata kituo cha reli.

Januari wakatuita ukumbini kutazama ramani ya jengo jipya. Verla alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole mpaka akalipata jiko.

"Oveni iko wapi?" akamuuliza mchora ramani, kijana wa mjini.

"Hili ni jiko la kupashia tu, mama. Chakula kitapikwa kwingine, kiletwe na lori."

"Na unga nitaukandia wapi?"

"Hutahitaji kukanda tena."

Verla akavua miwani, akasema "Ahaa," akarudi kuketi.

Kuanzia siku hiyo watu hawakuzungumzia paa tena, walimzungumzia Verla. Pale ghala la nafaka, tunapokunywa kahawa asubuhi, Gaylen Poppen, mwenye shamba kubwa kuliko sisi sote, alisema, "Akitaka Hapana, nani atathubutu kusema Ndiyo? Amelisha mji mzima huu."

Duane Eilers, daktari wa mifugo aliyeongoza kamati ya Ndiyo, akashuka jikoni kumbembeleza.

"Bi Verla, sema neno moja tu."

"Neno gani?"

"Ndiyo."

"Duane, nimekulisha tangu huna meno ya mbele. Kura ikitangazwa si kura tena, ni mahubiri. Toka, mchuzi wangu unaungua."

Kura ilikuwa Jumanne ya Machi. Alhamisi iliyotangulia, watoto walipanga foleni, wakapewa mchuzi na biskuti za chumvi. Mkate wa mdalasini haukuwepo. Kufikia saa nane mchana mji mzima ulikuwa na habari.

Gaylen alipiga meza ya kahawa. "Ameshasema! Mwanamke huyu alioka hata wiki aliyomzika Wiard. Leo biskuti! Hiyo ni Hapana, tena kwa herufi kubwa."

"Labda anaumwa," alisema Duane, lakini uso wake ulikuwa umesawajika.

"Unaumwa wewe! Hujui kusoma?"

Tukaamini, na mimi nikiwemo. Sisi ni watu wa maneno machache, kwa hiyo tumejizoeza kusoma vitu: gari la nani limeegeshwa wapi, nani hakuleta bakuli la chakula msibani. Mara nyingi tunasoma sawa. Tukikosea, tunakosea kijiji kizima.

Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa tukinywa chai. Verla alikuwa anamimina krimu kikombeni, juu ya bonge la sukari ya mawe, taratibu, kama mama zetu walivyotufundisha. Gaylen akamsogelea.

"Asante, Verla. Umetuokoa na kodi."

"Nimekuokoa na nini?"

"Zile biskuti. Tumekuelewa."

Akaweka kikombe chini. "Mmeelewa nini, nyie punda?"

Watu waligeuka. Mchungaji pia.

"Boila lilikufa usiku wa kuamkia Alhamisi," alisema Verla. "Nimefika alfajiri, jiko limeganda, unga umelala kwenye trei kama udongo wa mfinyanzi. Fundi amelifufua saa mbili, watoto wakiwa wameshaanza kuingia na makoti. Mkuu wa shule akatukataza kulitaja kazini, eti tutaonekana tunafanya kampeni, sheria hairuhusu. Nikanyamaza. Kumbe ninyi mnasoma biskuti!"

"Lakini jiko lako, Verla..." Gaylen alisema, sauti imeshuka. "Wanakunyang'anya oveni."

"Wananinyang'anya, ndiyo. Na imeniuma, usidhani haijaniuma. Lakini unataka mtoto wa miaka sita akae kwenye basi dakika arobaini gizani ili mimi nipate pa kukandia unga?"

Akawageukia watu wote.

"Nitapiga Ndiyo. Haya, mmeridhika? Mmenivua nguo mbele ya mchungaji." Akachukua koti lake, akatoka, chai yake imebaki mezani.

Jumatano asubuhi redio ilisema sitini na moja katika mia wamesema Ndiyo. Watoto wa Wolden walibaki Wolden.

Verla aliacha kazi majira ya kuchipua, wiki chache kabla hawajaanza kubomoa. Matofali ya babu zetu yalipakiwa kwenye malori, sijui yalipelekwa wapi, na hakuna aliyeuliza. Siku ya kufungua jengo jipya bodi ilimwomba awaokee wageni mikate nyumbani kwake. Akakataa. "Nimeshaipiga kura hii mara mbili," alisema, "mara moja kanisani. Msinitake niipige ya tatu."

Lakini alikuja. Alipanga foleni na watoto, akapewa trei ya plastiki iliyoshushwa kwenye lori, akaketi kwenye kiti kidogo kisichomtosha. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, na watoto walikaa na mashati tu, makoti yao yametundikwa. Alikula chote, akafuta sahani kwa mkate.

Gaylen aliinama kutoka meza ya pili. "Niambie kweli, Verla. Kitamu?"

Verla akaisukuma trei pembeni.

"Cha moto," alisema.