Mbao za Arusi Zilizoenda Kinondoni

Mafundi seremala wa Gerezani walikuwa wengi, kila mmoja akijiita bingwa, lakini fundi wa masanduku ya maiti aliyepiga mluzi kazini alikuwa mmoja tu Dar es Salaam nzima, naye ni Tarsis. Usibishe. Kama hukuwahi kupita pale mwaka ule soko jipya la Kariakoo lilipofunguliwa, watu wakawa wanaenda kulikodolea macho paa lake kama wameona meli nchi kavu, basi tulia usimuliwe.

Tarsis alikuwa Mngoni wa Peramiho. Useremala aliufundishwa misheni, akashuka nao mjini, akapata kazi kwenye karakana ya Mzee Shaibu, Mzaramo mwenye ndevu za kupendeza na mdomo mrefu kuliko ndevu. Mzee Shaibu alitengeneza vitanda na milango. Masanduku hakuyagusa. Waislamu huzika kwa sanda, na jeneza lao ni la kubebea tu, likishamfikisha mtu linarudi msikitini kumsubiri mwingine.

"Haya masanduku ni mambo yenu," alimwambia Tarsis. "Mie kumfungia mtu mbao zote hizo na asitoke, naona uchoyo."

"Atatoka, mzee," Tarsis alimjibu. "Ndiyo maana misumari siipigi kwa hasira."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kila siku. Kijana wa watu alikuwa na imani iliyonyooka kama rula: Yesu amefufuka, basi kaburi limeshindwa, sasa hizi nyuso za kununa ni za nini? Mwenyekiti wa jumuiya yao ya Kikristo pale mtaani alimwona ana utoto. Vijana wa kwaya walimwona ana raha zake. Benedikta alimwona anafaa kuolewa naye.

Hapo sasa ndipo kazi ilipoanza.

Benedikta alikuwa Mmakua wa Lukuledi, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, sauti ya kwanza kwenye kwaya. Na kwa Wamakua, kama hujui leo ujue, binti haombwi kwa baba. Anaombwa kwa mjomba, ndugu wa mama yake, na mjomba akisema hapana hata baba apige magoti ni kazi bure. Mjomba wa Benedikta alikuwa Marcelino, kuli wa bandarini, mtu mwenye shingo kama gogo la kufungia meli. Kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kubeba gunia la sukari begani na lingine kwapani huku akila muwa. Hakuogopa polisi, hakuogopa winchi, hakuogopa mke wake. Kitu kimoja tu kilimtoa jasho: sanduku la maiti. Akitaka kwenda sokoni alizunguka mitaa mingine kabisa ili asipite mbele ya karakana ya Mzee Shaibu. Tarsis akimwamkia, "Shikamoo, mzee," yeye anajibu, "Marahaba," na kumpa kiwiko badala ya kiganja.

Tarsis alimtuma Mzee Shaibu kuwa mshenga. Marcelino akampokea vizuri, akampa kiti na kahawa, akatoa jibu lake.

"Kijana ana adabu. Halewi, anasali. Lakini mkono unaopima maiti mchana, jioni umshike mpwa wangu? Nimesikia anatengeneza kitanda cha arusi. Haya. Jumatatu ya Pasaka nitaenda kukiona kwa macho yangu. Nikikuta kitanda, tutazungumza. Nikikuta sanduku, tusijuane."

Mzee Shaibu alirudi akicheka. "Hajakukataa wewe, anakataa mbao. Mpe kitanda, umalize."

Kitanda kilikuwa njiani kweli. Tarsis alikuwa na mbao za mninga, nyekundu, nzito, zinazonukia, alizozipata kwa kusubiri na kubembeleza. Na mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya foleni, seuze mninga. Alizilaza chumbani kwake uvunguni, kwenye nyumba ya Bi Sitara, na kila jioni alizipangusa vumbi. Wapangaji wenzake walimwambia amekwisha kuoa, ila mke wake ni mbao.

Ijumaa Kuu, Mama Scholastika akafa.

Alikuwa mpangaji mwenzake Tarsis, wa chumba cha mwisho karibu na uani, mama wa Kimwera aliyeuza vitumbua barazani, asiye na mtoto wala ndugu mjini. Asubuhi alienda kanisani Msimbazi kwenye Njia ya Msalaba, akarudi, akasema amechoka, akalala. Bi Sitara alipompelekea uji alimkuta ametulia.

Wanawake wa jumuiya wakaja kuosha. Bi Sitara akatoa maji, ubani na shuka jipya, kisha akamwita Tarsis uani.

"Mwanangu, angekuwa wetu saa hizi tungekuwa tunarudi kutoka makaburini. Ninyi wenzetu mnataka mbao. Zipo?"

Hazikuwepo. Tarsis alikimbia karakanani, akakuta vipande vya kutengenezea vigoda. Maduka ya mbao yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu mpaka Jumanne, na maiti kwa joto lile hangoji Jumanne. Mwenyekiti wa jumuiya akasema hakuna neno, mama huyu azungushiwe mkeka, Mungu anaona. Tarsis akarudi mlangoni kwa chumba chake. Alijishtukia, kwa sababu alijua anachokificha kiko wapi.

Benedikta alimfuata pale kwenye kizingiti cha chumba.

"Zile za uvunguni," alisema.

"Zile ni zetu."

"Najua. Ndiyo maana nasema na mimi."

"Mjomba wako amesema nini, umesahau? Jumatatu anakuja kukiona kitanda. Benedikta, nikizikata hizi kwa sanduku nimekwisha. Atasema mbao za arusi nimezigeuza za msiba, huo ni mkosi usiofutika. Nitakukosa."

"Huenda."

"Na wewe unasema huenda, hivi hivi?"

"Nifanyeje, nilie?" Benedikta akaegemea mlango. "Tarsis, wewe ndiye unayewacheka wazee kwa kununa. Keshokutwa tutasimama mbele ya watu, tuwaimbie kwamba kaburi liko tupu. Tunajua hivyo, au tunaimba kwa sababu sauti zetu nzuri?"

"Tunajua."

"Basi huyu mama ni mtu anayengoja kuamshwa. Mimi siwezi kulala kwenye mninga, halafu yeye tumemfunga mkekani kama samaki wa soko la Feri. Mjomba niachie mimi. Au tuseme tumwachie Mungu, maana mimi simwezi."

Mwanamke akikwambia hivyo, wewe mwenye msumeno utasema nini? Tarsis aliinama uvunguni, akazitoa. Mbao ya kwanza aliipima mara tatu kabla ya kuigusisha msumeno, tusidanganyane. Ya pili ilikuwa nafuu kidogo. Ilipofika randa, mluzi ukaanza wenyewe, tena mluzi wa wimbo wa Pasaka.

Mwenyekiti akatoa kichwa mlangoni. "Tarsis, leo ni Ijumaa Kuu. Hatuimbi nyimbo hizo."

"Siimbi, baba. Napumua kwa nguvu."

Jumamosi asubuhi Marcelino alifika. Asingeweza kukwepa hata kama angependa. Wamakua na Wamwera ni watani, na mtani hapewi taarifa ya msiba ili alie. Anaitwa afanye kazi: kuchimba, kubeba, kuwachekesha wafiwa, na juu ya yote kushuka kaburini, akae humo, akatae maiti asipite mpaka apewe kitu. Mtani asipofanya hivyo, kabila lake lote litasemwa mpaka Lukuledi. Marcelino alikuja amevaa suruali yake ya sikukuu na uso wa mtu aliyeitwa kwenda kung'olewa jino.

Akaliona sanduku uani. Mninga mtupu, pembe zimekutana hata kucha haipiti, linang'aa kama kabati la waziri.

"Hii," alisema polepole, "ni mbao ya kitanda."

"Ndiyo, mzee," Tarsis akajibu.

"Ya mpwa wangu."

"Ndiyo."

"Basi umenijibu kabla ya Jumatatu." Akageuka, akatoka nje kungoja gari, Benedikta akimwita nyuma yake.

Huko makaburini Kinondoni, padri hakufika, alikuwa na shughuli za mkesha wa Pasaka, kwa hiyo katekista ndiye aliyesoma sala. Zilipokwisha, watu wakamgeukia mtani. Marcelino alisimama ukingoni mwa shimo. Jasho lilimchuruzika mpaka likaonekana kwenye shati, mgongo mzima. Wamwera wa mjini waliokuja kumzika mwenzao wakaanza kumchokoza.

"Kulikoni, Wamakua? Mmeishiwa wanaume?"

"Mwacheni, anapima kama mabega yataenea."

"Gunia la kwapani limemlemea."

Watu wakacheka, na Marcelino, aliyewahi kuwachekesha makuli wa meli nzima, akawa anakaza mkanda wa suruali tu. Tarsis alimtazama akamwonea huruma. Alikuwa amekwisha kumkosa Benedikta, basi cha kuogopa kilikuwa kimebaki nini? Akavua viatu, akaruka ndani ya kaburi. Watu wakaguna. Akasimama mle, udongo ukimfika kifuani, akapigapiga ukuta kama mtu anayekagua chumba.

"Shuka, mzee," alisema kwa sauti ya kawaida. "Hiki ni chumba cha kupanga tu."

"Nini?"

"Wewe umepanga, mimi nimepanga, Kariakoo nzima tumepanga. Umewahi kumwona mpangaji anakiogopa chumba? Bwana Yesu mwenyewe alilala kwenye kaburi la watu. La kuazima. Siku ya tatu akamrudishia mwenyewe likiwa limefagiliwa na shuka limekunjwa. Tangu siku hiyo hakuna anayehamia huku moja kwa moja. Mama Scholastika naye atahama. Sisi tunamsaidia kuingiza vyombo."

Mtu mmoja akacheka, halafu wa pili. Marcelino hakucheka. Alimtazama kijana yule aliyesimama kaburini kama aliyesimama barazani kwao, akatazama sanduku, akamtazama mpwa wake aliyeshika daftari la nyimbo na macho makavu. Kisha akakunja suruali yake ya sikukuu mpaka magotini, akashuka. Alishuka vibaya, kwa makalio, udongo mwingi ukaanguka naye. Lakini alishuka. Tarsis akapanda juu kumwachia nafasi.

Kule chini akatanua miguu, akaweka mikono kiunoni. Halafu sauti ya bandarini ikapanda.

"Hapiti mtu hapa. Mama Scholastika, kwanza nani atanirudishia pesa za vitumbua ulivyokuwa unaniuzia vibichi? Wamwera, nilipeni."

"Unataka nini, Mmakua?" walimwuliza, na wafiwa walikuwa wameanza kutabasamu.

"Kwenu sitaki kitu, hamna kitu. Namtaka fundi. Fundi, ulipozikata mbao za mpwa wangu, hukuogopa?"

"Niliogopa, mzee."

"Ulimwogopa huyu mama?"

"Nilikuogopa wewe."

Wakacheka wote, hata katekista aligeuka pembeni akijifanya anatafuta ukurasa. Marcelino akawaacha wamalize.

"Ulijua nitakunyima."

"Nilijua."

"Na ukazikata."

"Nilizikata. Nilifikiri, kama kweli kufa kumeshindwa, basi mimi nisikubali kuwa mtu wa kufichia wafu mbao uvunguni kwa kuogopa ya Jumatatu. Hayo tu. Shule yangu ni ya misheni, sina maneno makubwa."

Marcelino alijipangusa jasho kwa mkono wenye udongo, uso ukawa wa rangi mbili.

"Sikilizeni, Wamwera, muwe mashahidi, maana mimi nikisema jambo nikiwa kaburini silirudishi. Jumatatu aje na mshenga wake, yule Mzaramo mwenye ndevu. Kitanda sikitaki tena kukiona. Nilikuwa natafuta mwanamume asiye na mkosi, kumbe wa kutafuta ni asiyeuogopa. Mpwa wangu ataanza na mkeka. Yeye ni Mmakua, mgongo anao."

"Na mimi siulizwi?" Benedikta akasema kutoka kwenye mstari wa kwaya.

"Wewe uliulizwa jana. Ungesema hapana, mbao hizi zingekuwa hapa?"

Benedikta akafunua daftari lake la nyimbo, akiwa na uso wa mtu aliyepata alichokitaka na hana haja ya kubishana. Marcelino akapanda juu akivutwa na vijana wawili. Akajipangusa makalio, akasogea kwenye sanduku la mninga, akaliwekea kiganja, chote, akakiacha hapo kidogo. Halafu akaokota kamba ya kushushia ya upande wa mbele na kumwambia Tarsis aache kushangaa, ashike ya pili.