Hasifa Alivyohama na Jiko Lake

Siku bajeti iliposomwa redioni, mwezi Juni, Hasifa aliacha maharage yaungue. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akisubiri kusikia kama barabara yao itatajwa.

Alikuwa mama wa Kinubi, mzaliwa wa Jinja, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa akiwapikia vibarua wa barabara iliyokuwa ikijengwa karibu na Buwenge. Mumewe, Sebit, aliendesha greda kwenye barabara hiyo hiyo. Chakula cha nyumbani, kodi ya chumba, karo ya binti yao Ramlah aliyekuwa akisoma Jinja na kulala kwa bibi yake, vyote vilitoka kwenye ule udongo mwekundu.

Barabara ikatajwa. Vibarua walipiga makofi, na Sebit akaja jikoni mbio.

"Umesikia, Mama Ramlah? Wametuwekea pesa! Mwaka mzima tena tuko hapa."

Hasifa hakungoja. Alichukua akiba ya karo ya muhula wa tatu, akapanua kibanda kwa mabati mapya, akanunua sufuria kubwa na magunia ya maharage. Aliamini atairudisha kabla shule hazijafunguliwa.

Julai ikapita. Agosti malori ya moramu, ule udongo mwekundu wa kutandaza barabarani, yakapungua, kisha yakaacha kuja kabisa. Msimamizi wa kazi, Semei, Mgisu mmoja mpole, alisema mkandarasi hajalipwa na serikali, naye hana cha kuwalipa watu. Vibarua wakaanza kuondoka, wale wa mbali kwanza. Shule zilipofunguliwa, Ramlah alirudishwa nyumbani.

Tangu hapo Hasifa hakuweza kutulia. Alifuta meza ambazo hakuna aliyezitumia. Alitoka kutazama upande wa Jinja, akarudi, akatoka tena. Usingizini alikuwa akisikia injini, lakini akiamka ni kimya tu.

Mwezi Oktoba wilaya iliita mkutano Jinja wa kujadili bajeti ya mwaka ujao. Hasifa alijitanda mtandio wake mzuri akaenda. Ilipofika zamu ya wananchi, alisimama.

"Barabara yetu ilisomwa redioni. Tulisikia wote. Sasa pesa yake iko wapi?"

Aliyejibu alikuwa Bi Oliver, mama wa makamo kutoka ofisi ya mipango.

"Mama, kusomwa ni mpango. Pesa yenyewe hutolewa kidogo kidogo, kila robo ya mwaka, kadiri kodi inavyoingia. Safari hii imeingia kidogo. Mishahara na madeni ya serikali hulipwa kwanza. Barabara zinangoja."

"Zinangoja mpaka lini?"

"Sijui. Nikikutajia mwezi, nitakuwa nakudanganya."

"Na mtoto wangu aliyefukuzwa shule, naye angoje?"

Watu wengine walicheka. Bi Oliver hakucheka, aliinamisha macho. Hasifa akaketi. Alikuwa amekuja kugombana, lakini hapakuwa na wa kugombana naye. Mabati, sufuria, magunia, vyote alivinunua akitegemea pesa ya kodi ambayo ilikuwa bado haijakusanywa.

Jioni alimwambia Sebit, "Tuhamie Mbale. Shangazi Fatumah anasema pale Busiu mahindi yanapakiwa kila siku, na wapakiaji hawana pa kula."

"Na greda nimwachie nani? Nikigeuka tu, betri imeibiwa."

"Greda si mtoto wako, Sebit. Mtoto wako amekaa nyumbani."

"Nikiiacha, siku kazi ikirudi watamchukua mwingine. Nenda wewe kama miguu inakuwasha!"

Kweli akaenda. Aliuza mabati kwa hasara, akamtumia mama yake kule Jinja sehemu ya karo, akapanda gari na sufuria zake bila kumuaga mumewe vizuri.

Mwanzoni Busiu ilimkataa. Watu walitaka ndizi, yeye akawapikia posho, ugali wa mahindi. Alijifunza. Wapakiaji na madereva walilipa papo hapo, ingawa mafuta yalipopanda bei, madereva walianza kugawana sahani moja wawili wawili. Hata hivyo, Ramlah akarudi darasani.

Januari Sebit alipiga simu, nyuma yake malori yakinguruma.

"Pesa zimekuja! Rudi, Mama Ramlah, vijana wanakuulizia!"

Hasifa alikuwa ameshasimama, hata mfuko ameshaukamata. Kisha akauliza, "Zimekuja za muda gani?"

"Semei anasema labda mpaka Machi."

"Basi fanya kazi mpaka Machi. Mimi nabaki."

Simu ikakatwa. Ijumaa moja Sebit akatokea Busiu, vumbi mpaka kwenye kope, akaketi kati ya wapakiaji, akala. Alipomaliza alisema, "Nimekuwa nikila maandazi tu kule."

Hasifa alicheka, halafu machozi yakamtoka, akageukia moto asionekane.

Hawakuafikiana siku ile, wala hawajaafikiana hadi leo. Machi kazi ilisimama kama alivyosema Semei, na Sebit akaja na begi lake. Wiki chache alizunguka soko kama mtu aliyepoteza kitu; alipoitwa tena, akaondoka siku hiyo hiyo. Ndivyo wanavyoishi sasa: Sebit huenda pesa ya serikali inapotoka, na hurudi inapokauka.

Hasifa naye si kwamba ametulia. Msimu wa mahindi ukipungua, huacha sufuria kwa jirani, akaenda Mbale mjini kuuliza bei za vibanda, akarudi jioni bila kumwambia mtu alikokuwa.