Kukamua Kompyuta

Mimi nimeishia la saba, na Kiingereza changu kinatosha kumsalimia mzungu na kumpisha apite. Lakini hapa Karatu mtu akitaka kununua kompyuta iliyotumika alikuwa anaanzia kwangu. Sababu ni moja: siuzi kompyuta. Kazi yangu ni kutengeneza simu. Kompyuta naziangalia tu, nasema hii nzima, hii mgonjwa. Mnunuzi ananinunulia soda, muuzaji hanipi kitu. Nilijisifu kwa hiyo sheria mpaka watu wakachoka kunisikiliza.

Sasa, meza yangu ilikuwa barazani kwa Mangi. Mangi si jina lake, ndivyo tunavyomuita kila Mchaga mwenye duka, na yeye hajawahi kukataa. Anauza laptop zilizotumika kwenye kampuni za utalii. Pale barazani nilikaa bure, na umeme nikavuta kwake kwa ekstensheni. Hilo sikulihesabu kama kupewa kitu. Umeme wenyewe hauonekani.

Siku moja akaja mama wa Kimasai kutoka Kakesio na binti yake, ambaye amepata chuo cha ualimu Arusha. Kazi za chuo ni za kuchapa. Mama alikuwa ameuza mbuzi zake, na alisema wazi kwamba wengine wa kuuza hana. Laptop ikifa, binti atasoma kwa kuomba ya mwenzake.

Binti alishachagua. Nyembamba, rangi ya fedha, inang'aa kama sahani ya harusi. Mangi aliisifia mpaka na mimi nikaanza kuitamani. Nikaifungua, nikabonyezabonyeza, nikapiga wimbo. Betri mia kwa mia.

"Yeyo, hii freshi kabisa," nikamwambia mama. Huku mama wa Kimasai tunamuita yeyo.

Yeye laptop hakuitazama. Alitazama waya unaotoka dukani, unapita kwenye meza yangu.

"Umeme wa nani huu?"

"Wa Mangi."

"Unamlipa?"

"Hapana, sisi majirani."

"Kwa hiyo huyu ndiye anakulisha."

"Anilishe nini, yeyo? Huyu Mchaga? Hata maji ya moto hajawahi kunipa."

"Nimekusikia, Mmbulu wewe," Mangi akasema kutoka ndani.

Mama hakucheka. "Na hii laptop, imefungwa kwenye waya tangu lini?"

Nikataka kusema tangu asubuhi. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuiona nje ya waya.

"Mnadani," mama akasema, "mtu mwenye ng'ombe asiye na maziwa jana hakumkamua, leo hamkamui. Anamleta kiwele kimejaa mpaka kinang'aa. Wanaume wananunua. Mimi nakamua kwanza, halafu nasubiri, nakamua tena." Akachomoa waya kwa mkono wake. "Twende mbali na zizi lake, layoni."

Layoni ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa. Nina ndevu mimi, lakini nikamfuata.

Tukavuka barabara mpaka kwa dada anayeuza chai, mahali pasipo na soketi hata moja. Binti akaiweka laptop magotini, nikaiwekea video. Chai ilipoletwa betri ilikuwa sitini. Chai haijapoa, ishirini. Mama hajui kusoma, kwa hiyo alikuwa anamuuliza binti namba, na kila akijibu sauti ya binti inazidi kuwa ndogo. Sijamaliza chapati, kioo kikawa cheusi.

Mimi aibu huwa hainipati kirahisi, ila pale ilinipata. Kuchomoa waya ndicho kitu cha kwanza ninachofanya kwa kompyuta ya mtu mwingine yeyote. Za Mangi sikuwahi kuchomoa hata moja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Nimekosea, yeyo."

"Hujakosea," akasema. "Umeshiba."

Tukarudi dukani. Nikamwambia Mangi mbele yao kwamba betri ile imekufa, na kwamba naomba nizichomoe zote.

"Zote? Leo umelala upande gani?"

Lakini mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu, na hela anayo, kwa hiyo Mangi akaniachia. Tulishinda barazani tukiziangalia zinavyozima moja moja. Iliyobaki hai mpaka saa kumi ilikuwa nyeusi, nene, bawaba zinalia ukifungua.

"Mama, hii nzito kama jiwe la kusagia," binti akanung'unika.

"Mgongo unao."

Wakainunua. Mangi alisubiri wapotee kabisa, akakunja ekstensheni yangu taratibu, akanipa mkononi.

"Jirani, wewe ni hakimu," akasema. "Hakimu hakai barazani kwa mshtakiwa."

Jioni ile ile nikahamisha meza mpaka kwa fundi baiskeli. Huko umeme nalipia mwenyewe.

Mwezi uliopita binti akanipigia. Betri bado inamfikisha jioni, lakini kitufe cha M kimekufa.

"Kila nikiandika mwanafunzi, inatoka wanafunzi," akasema. "Mwalimu anadhani naandika habari za darasa zima. Hili hukuliona?"

"Sikuliona. Vitufe sikuvijaribu vyote, nilikuwa nawaza betri tu."

Akauliza kama kinatengenezeka. Nikamwambia kinatengenezeka, akija likizo apitie kwangu nimwekee kingine.